Sura ya 6: Kwa Nini Lami Mpya Hubabuka?

Kila masika yanapopita, swali lile lile hurudi vijiweni, ndani ya daladala na hata bungeni: imekuwaje barabara iliyokabidhiwa juzi tu ianze kuachia vipande? Anayeinama kutazama shimo changa katika barabara kama hiyo huona jambo la ajabu. Kipande kilichotoka kina unene wa vidole viwili au vitatu, kingo za shimo zimekatika wima, na chini yake hakuna udongo wala changarawe. Kuna lami nyingine, nzima, uso wake umetulia kama ulivyotandazwa. Tabaka la juu halikuliwa na magari hadi likaisha. Limebanduka lote kwa pamoja.

Majibu ya haraka huwa matatu: lami ilikuwa nyembamba, malori yanazidisha mzigo, au mchanganyiko ulichakachuliwa. Kila moja laweza kuwa kweli. Ila shimo la aina hii huashiria jibu la nne ambalo halisemwi sana nje ya ofisi za wahandisi: matabaka mawili ya lami hayakushikana. Unene unaoandikwa kwenye mkataba una faida kamili pale tu matabaka yanapobeba mzigo kama kitu kimoja. Yakiachana, barabara nene hugeuka kuwa barabara mbili nyembamba, moja juu ya nyingine.

Matabaka ya barabara

Weusi unaoonekana juu ni sehemu ndogo ya barabara. Kutoka chini kwenda juu, barabara kuu ya lami kwa kawaida huwa na sehemu hizi:

- Udongo wa asili au tuta lililojazwa na kushindiliwa. Huu ndio unaobeba kila kitu mwishowe.
- Msingi wa chini, mara nyingi wa changarawe, au changarawe iliyochanganywa na saruji au chokaa.
- Msingi wa juu, wa kokoto zilizosagwa, changarawe iliyoimarishwa kwa saruji, au kokoto zilizochanganywa na lami.
- Tabaka la kati la zege la lami. Zege la lami ni mchanganyiko wa moto wa kokoto, mchanga, vumbi la mawe na lami yenyewe, ambayo huwa karibu asilimia 5 ya uzito wote.
- Tabaka la juu la zege la lami, lenye kokoto ndogo zaidi. Hili ndilo linaloguswa na tairi, linalopigwa na jua na kuzuia maji yasiingie chini.

Zege la lami halitandazwi lote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu tabaka nene mno ni gumu kushindilia sawasawa hadi chini. Sentimita 10 za zege hutandazwa kwa awamu mbili, mara nyingi kwa tofauti ya siku au wiki kadhaa. Kila awamu huacha mpaka kati ya lami iliyopoa na lami mpya ya moto, na udhaifu unaozungumziwa hapa huanzia katika mpaka huo.

Tabaka moja nene au mawili membamba?

Mbao mbili zinatosha kuonyesha tofauti. Zikilazwa moja juu ya nyingine juu ya mawe mawili bila gundi wala msumari, mtu akisimama katikati zinapinda sana, na ncha zake zinasuguana: ya juu inateleza juu ya ya chini. Mbao hizo hizo zikigundishwa vizuri, mtu yule yule akisimama pale pale, zinapinda kidogo tu. Mti haukuongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba hazina tena nafasi ya kuteleza.

Hesabu yake ni rahisi. Ugumu wa kitu dhidi ya kupinda hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Tabaka moja la sentimita 10 hupata 10 × 10 × 10, yaani 1,000. Matabaka mawili ya sentimita 5 yasiyoshikana hupata 125 kila moja, jumla 250. Kiasi cha lami ni kile kile, lakini ugumu umeshuka hadi robo. Kwa hesabu hiyo, sentimita 10 zilizoachana hupinda sawa na tabaka moja la sentimita 6.3. Serikali imelipia sentimita 10, na barabara inatumia sita na ushei.

Gurudumu likipita, lami hubonyea kidogo. Upande wake wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa, na mvuto huo wa chini ndio unaoanzisha nyufa. Katika hesabu hiyo hiyo, matabaka mawili ya unene sawa yakiachana, mvuto chini ya kila tabaka huwa mara mbili ya ule wa tabaka lililoungana. Tena hauko mahali pamoja: sasa hata tumbo la tabaka la juu linavutwa, sehemu ambayo ingekuwa salama kama matabaka yangeshikana.

Kuongezeka mara mbili kwa mvuto kunatisha kwa sababu lami huchoka. Tairi moja haliipasui. Huipasua mamilioni ya tairi zinazopita moja baada ya nyingine. Wahandisi wanaokadiria umri wa lami hutumia kanuni ambamo mvuto ukiongezeka mara mbili, idadi ya mizigo inayovumilika hugawanywa kwa 16, na kwa mchanganyiko mwingine hata kwa 32. Barabara halisi hainingʼinii hewani. Inaegemea msingi wake, kwa hiyo hasara haifiki kiwango hicho. Hata hivyo hubaki kubwa, na barabara iliyosanifiwa kuishi miaka mingi inaweza kuanza kupasuka katika miaka yake ya mwanzo.

Ulinganisho na mzigo uliozidi unasaidia kuona ukubwa wa jambo hili. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 ndiyo yaliyozaa kanuni inayotumika hadi leo: madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka kwa uzito wake uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli moja yenye tairi pacha inaruhusiwa kubeba tani 10, na gari zima lisizidi tani 56. Ekseli ya tani 13 hudhuru barabara karibu mara tatu kuliko ya tani 10. Ndiyo maana malori hupimwa kwenye mizani kama za Mikese nchini Tanzania na Mariakani nchini Kenya. Mpaka wa matabaka ulioachana unaweza kuleta hasara ya kiwango hicho au zaidi hata pale ambapo kila lori limepita mizani kihalali.

*Kwa ufupi:* kushikana kwa matabaka ni sehemu ya nguvu ambayo hesabu za usanifu zimekwisha kuitegemea. Mhandisi anapokokotoa unene huchukulia kwamba matabaka yameungana. Yasipoungana, hesabu nzima inakuwa ya barabara nyingine.

Kinachoyashika matabaka

Mpaka wa matabaka mawili hushikwa na mambo matatu yanayosaidiana.

La kwanza ni kunata kwa lami, iliyomo katika zege na ile inayonyunyizwa makusudi mpakani. La pili ni kokoto kuingiliana: rola inaposhindilia tabaka jipya, kokoto zake hukaa katika mabonde madogo ya uso wa chini, na kila upande huzuia mwingine kusogea. La tatu ni msuguano, ambao huongezeka kadiri uzito wa gari unavyoyakandamiza matabaka.

Joto huamua lipi kati ya hayo linafanya kazi kubwa. Kwenye baridi, lami ni ngumu na kunata kunatosha. Mchana wa jua kali uso wa barabara unaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi, na lami ya daraja la 60/70, inayotumika sana katika ukanda huu, huanza kulainika karibu na nyuzi 50. Saa hizo gundi imekuwa dhaifu, na kinachobaki kuzuia kuteleza ni kokoto zilizoingiliana pamoja na msuguano. Uso laini mno uliopakwa gundi nyingi unaweza kuonekana umeshikana vizuri asubuhi, kisha ukateleza saa nane mchana.

Kina cha mpaka nacho kina uzito wake. Nguvu ya kuteleza, yaani nguvu inayotaka kusukuma tabaka la juu kandokando juu ya la chini, huwa kubwa katika sentimita chache za kwanza chini ya ukingo wa tairi. Tabaka jipya la sentimita 3 au 4 lililowekwa juu ya barabara ya zamani linaweka mpaka wake katika eneo hilo hilo. Ndiyo sababu matabaka membamba ya ukarabati hubabuka mapema kuliko manene, ingawa ni rahisi kudhani kwamba kazi ndogo ina hatari ndogo.

Takikoti na praimu

Lami inayonyunyizwa katikati ya matabaka mawili ya lami huitwa takikoti. Kazi yake ni moja tu, kuunganisha. Praimu ni jambo jingine: hunyunyizwa juu ya msingi wa kokoto au changarawe kabla ya lami ya kwanza kuwekwa. Hiyo hutakiwa kupenya milimita kadhaa, ikamate chembe za juu, izibe vitundu na kuupa msingi uso unaokubali lami. Praimu mara nyingi ni lami iliyoyeyushwa kwa mafuta ya taa ili iwe nyepesi, mafuta hayo yakaruka na lami ikabaki.

Takikoti mara nyingi hutengenezwa kwa emulsheni. Hii ni lami iliyosagwa kuwa matone madogo sana yanayoelea ndani ya maji kwa msaada wa kemikali inayofanana kazi na sabuni. Emulsheni ya kawaida ina lami asilimia 60 na maji karibu asilimia 40. Inaponyunyizwa huwa na rangi ya kahawia. Matone yanapoanza kuungana na maji kujitenga, rangi hubadilika kuwa nyeusi. Hapo husemwa kwamba emulsheni imevunjika. Baada ya hapo maji huondoka kwa kukauka, na utando mweusi unaonata hubaki. Hali ya hewa ndiyo inayoamua kama itachukua dakika chache au zaidi ya saa.

Utando unaobaki ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Lita 0.2 za lami zikisambazwa juu ya mita moja ya mraba huacha unene wa milimita 0.2. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7 inahitaji lita 1,400 tu za lami hiyo, ambayo hupatikana katika lita zipatazo 2,300 za emulsheni. Tabaka la zege la sentimita 5 litakalowekwa juu yake lina zaidi ya tani 800 za mchanganyiko, na ndani yake lami ya tani 40 hivi. Takikoti ni kama sehemu moja ya thelathini ya lami inayotumika katika awamu hiyo, na ndiyo inayoamua kama zile tani 800 zitafanya kazi pamoja na kilichopo chini.

Kinachohesabika ni lami inayobaki baada ya maji kuondoka. Kiasi kilichotoka kwenye boza, yaani lori la kunyunyizia lami, si kipimo, na makosa mengi ya ujenzi huanzia katika tofauti hii. Ili zibaki lita 0.2, emulsheni ya asilimia 60 hunyunyizwa lita 0.33 kwa mita ya mraba. Fundi akiichanganya na maji nusu kwa nusu ili inyunyizike kwa urahisi, lami iliyomo inashuka hadi asilimia 30, na sasa anahitaji lita 0.67. Asipobadilisha kipimo cha boza, uso utaonekana umelowa vilevile, picha za ripoti zitatoka nyeusi vilevile, na nusu ya gundi haitakuwepo.

Kila uso na kiasi chake

Hakuna kiasi kimoja kinachofaa kila mahali. Mapendekezo yaliyochapishwa Marekani mwaka 2012, baada ya utafiti mpana wa takikoti, yanaonyesha tofauti hizo. Kiasi hiki ni cha lami inayobaki, kwa kila mita ya mraba:

- Zege jipya la lami: karibu lita 0.16. Uso wake bado una lami mbichi ya kutosha.
- Lami ya zamani: karibu lita 0.25. Uso umekauka, umepauka na hufyonza.
- Lami iliyokwanguliwa kwa mashine: karibu lita 0.25. Mifereji ya meno ya mashine huongeza eneo la kufunika.
- Zege la saruji: karibu lita 0.20.

Katika vipimo vya utafiti huo, uso uliokwanguliwa ndio ulioshikana kwa nguvu zaidi. Sababu ni zile kokoto zinazoingiliana: mifereji huzuia tabaka la juu kuteleza hata joto linapoilainisha lami. Faida hiyo hupotea ikiwa vumbi la kukwangua halikufagiliwa, kwa kuwa mifereji iliyojaa unga huwa kama uso uliopakwa poda.

Kuzidisha nako ni kosa. Lami ikiwa nyingi mno, matabaka hayagusani. Kokoto za juu huelea juu ya utando mnene unaolainika kwa joto, na gundi yenyewe inakuwa utelezi. Ziada hiyo pia hupanda juu kupitia tabaka jipya na kuacha madoa meusi yanayongʼaa, ambayo huteleza mvua inaponyesha.

Gundi huharibikia wapi

Kwenye karatasi kazi ya takikoti ni fupi: safisha, nyunyiza, subiri, tandaza. Kila neno katika hayo manne lina njia zake za kuharibika.

*Kusafisha.* Katika maeneo ya udongo mwekundu, barabara inayojengwa huku magari yakipita pembeni hupata vumbi jipya kila saa. Emulsheni hushika chembe za vumbi kabla haijashika lami, na tabaka jipya linaishia kugundishwa kwenye unga. Ufagio wa mashine, kisha hewa ya kompresa, ndiyo njia ya uhakika. Tope lililokaushwa na jua huhitaji kukwanguliwa na kuoshwa, kisha uso uachwe ukauke.

*Kunyunyiza.* Boza lina bomba refu lenye nozeli nyingi, na kila nozeli hutoa feni ya lami, yaani mnyunyizo unaotanuka kama upepeo. Zikipangwa kwa pembe sawa na kwa kimo sahihi, feni hupandiana hivi kwamba kila sehemu ya uso hufikiwa na nozeli mbili au tatu. Nozeli chache zikiziba, au bomba likiwa chini mno, uso hutoka na michirizi kama ya punda milia, mistari myeusi ikipishana na mistari mitupu. Wastani wa lita kwa mita ya mraba unaweza kuwa sahihi kabisa katika kitabu cha kumbukumbu, ilhali theluthi ya uso haina kitu. Kunyunyiza kwa mkono kwa ndoo iliyotobolewa huzaa hali mbaya zaidi, ya madimbwi na mapengo.

*Kusubiri.* Zege la moto likitandazwa juu ya emulsheni ya kahawia, maji yaliyomo hunaswa chini. Baadhi huwa mvuke na kupiga malengelenge. Mengine hubaki yakizuia lami kunata. Mvua ikinyesha juu ya emulsheni ambayo haijavunjika, huiosha na kuipeleka mtaroni, na kazi inabidi irudiwe.

*Kutandaza.* Tipa zinazoleta zege hurudi kinyumenyume juu ya takikoti ili kumwaga kwenye mashine. Tairi zake hubandua utando na kuusambaza mbali, na katika njia za tairi hubaki uso wa kijivu. Njia hizo ndizo hizo hizo zitakazobebeshwa tairi za malori kwa miaka yote ijayo. Zege lililofika limepoa nalo halishiki vizuri, kwa sababu rola haiwezi tena kukandamiza kokoto ziingie katika uso wa chini.

Dalili barabarani

Mpaka ulioachana hauonekani kwa macho mpaka uanze kuzaa dalili, na kila dalili ina mahali inapopenda kutokea.

Nyufa za mwezi mchanga ndizo dalili ya wazi zaidi. Ni nyufa zilizopinda kama hilali, mara nyingi kadhaa zikifuatana, zinazotokea magari yanapofunga breki, kukata kona au kuvuta mlima. Breki za nguvu zinaweza kusukuma uso wa barabara kwa nguvu inayozidi nusu ya uzito ulio kwenye tairi. Tabaka lililoshikana huupitisha msukumo huo chini. Lililoachana huubeba peke yake, likavutika, likapasuka. Ndiyo maana vituo vya mabasi, taa za barabarani, mizunguko na matuta ni mahali pa kwanza pa kukagua.

Miinuko mirefu huongeza adhabu. Kwenye mlima Kitonga mkoani Iringa, katika barabara kuu ya kwenda Tunduma, malori ya Zambia na Kongo hupanda kwa mwendo wa pole na kushuka kwa breki. Lami hupinga vizuri mzigo unaopita haraka. Mzigo unaokaa juu yake kwa muda huikuta laini. Mzigo mzito, mwendo mdogo, jua na msukumo wa kandokando vikikutana mahali pamoja, mpaka wowote dhaifu hujulikana mapema.

Kubabuka ni hatua inayofuata. Maji hupenya kwenye ufa na kukaa mpakani, mahali ambapo hayana pa kutokea. Kila tairi linapopita huyakandamiza, nayo hukimbia kwa kasi kati ya matabaka yakibandua lami iliyobaki kwenye kokoto. Tairi likishapita, maji hurudi. Baada ya mvua chache kipande kinacheza, kinapigwa na tairi, kinatoka. Hivi ndivyo linavyozaliwa lile shimo lenye kingo wima na sakafu ya lami safi.

Nyufa za ngozi ya mamba, yaani mtandao wa nyufa ndogo zinazokatana katika njia za tairi, huja polepole zaidi. Hizo ni dalili ya uchovu, na zina vyanzo vingi: msingi dhaifu, lami nyembamba, maji chini. Lakini zikitokea mapema katika barabara yenye msingi mzuri, kukata kipande na kukagua mpaka wa matabaka ni jambo la lazima kabla ya kulaumu kingine.

*Kwa ufupi:* nyufa zilizopinda penye breki na kona, pamoja na mashimo yenye sakafu ya lami nzima, huashiria mpaka ulioachana. Mashimo yanayofika kwenye changarawe au udongo yana hadithi nyingine.

Barabara zenye lami nyembamba

Barabara nyingi za lami za Afrika Mashariki hazina zege la lami kabisa. Uso wake ni lami iliyonyunyizwa na kokoto zikamwagwa juu na kushindiliwa, mara moja au mbili. Unene wote ni sentimita moja au mbili. Hapa mpaka wa hatari ni kati ya lami hiyo na msingi wake, na praimu ndiyo inayoushika.

Msingi ulioimarishwa kwa saruji una mtego wake. Uso wake ukiachwa wazi ukakauka haraka, hewa ya ukaa hufanya kazi na saruji, na sehemu ya juu hulegea ikawa unga. Chini yake msingi ni mgumu kama ulivyotakiwa, lakini milimita chache za juu hazina nguvu. Lami ikiwekwa juu ya unga huo, hubabuka kwa mapande makubwa, na upande wa chini wa kila pande huonekana umeganda vumbi. Kinga yake ni kuuweka msingi katika unyevu au kuufunika mapema, na kuondoa uso uliolegea kabla ya praimu.

Vipimo vya kushikana

Kipimo kinachojulikana zaidi kilibuniwa Ujerumani mwaka 1979 na Leutner. Kipande cha mcheduara chenye kipenyo cha milimita 150 hukatwa barabarani kwa mashine ya kutoboa, kikiwa na matabaka yote mawili. Maabara huweka kipande hicho katika nyuzi 20, hushika tabaka moja na kulisukuma jingine kandokando kwa kasi ya milimita 50 kwa dakika mpaka yaachane. Masharti ya Ujerumani hutaka kati ya tabaka la juu na la kati ipatikane nguvu isiyopungua kilonyutoni 15, sawa na uzito wa tani moja na nusu, na kilonyutoni 12 kwa mipaka ya chini zaidi.

Kuna njia nyingine. Bamba la chuma linaweza kugundishwa juu ya barabara iliyokatwa duara kuzunguka, kisha likazungushwa kwa spana yenye kipimo hadi mpaka uachie. Vifaa vya kudondosha uzito barabarani na kupima jinsi uso unavyobonyea huonyesha sehemu zenye ugumu mdogo kuliko unene wake unavyoahidi.

Wakati wa kujenga, kipimo muhimu kuliko vyote hakihitaji maabara. Bamba la sentimita 50 kwa 50 hupimwa uzito, hulazwa mbele ya boza, kisha hupimwa tena baada ya kunyunyiziwa. Eneo lake ni robo ya mita ya mraba, na lita moja ya emulsheni ina uzito wa takriban kilo moja. Kiasi kilichokusudiwa kikiwa lita 0.33 kwa mita, bamba linapaswa kuongezeka gramu 80 hivi. Bamba tatu zikilazwa kwa upana wa barabara huonyesha pia kama mnyunyizo ni sawa kila upande.

Hata kipande kilichokatwa kwa ajili ya kupima unene hutoa jibu. Kikitoka kwenye tundu kikiwa kimeachana vipande viwili mpakani, nyuso zake zikiwa safi bila kokoto iliyovunjika, kushikana kulikuwa kudogo au hakukuwepo.

Kutengeneza kilichoachana

Kuweka tabaka jipya juu ya tabaka lililoachana ni kuzika tatizo. Mpaka dhaifu hubaki pale pale chini, nyufa hupanda, na tabaka jipya hubabuka pamoja na lililo chini yake. Kwanza huondolewa kila kilichoachana, kwa kukwangua hadi kupita mpaka wenyewe. Kukwangua kukiishia juu kidogo ya mpaka, ganda jembamba hubaki likicheza, na hilo ni baya kuliko lililoondolewa.

Kiraka cha shimo moja hufuata kanuni hiyo hiyo:

1. Eneo hukatwa kwa msumeno katika umbo la mstatili, hadi kufikia lami iliyoshikana.
2. Vipande vilivyolegea, vumbi na maji huondolewa.
3. Takikoti hupakwa chini na pia kwenye kuta zote za shimo, kwa utando mwembamba usioacha dimbwi.
4. Emulsheni husubiriwa hadi iwe nyeusi.
5. Mchanganyiko hujazwa na kushindiliwa, kuanzia kingoni kwenda katikati.

Kiraka kinachomwagwa ndani ya shimo lenye maji na kushindiliwa kwa tairi la lori hakina hata hatua moja kati ya hizo, na kwa kawaida huondoka na mvua zinazofuata.

Maswali ya kumuuliza msimamizi

Diwani, mwandishi wa habari au mwananchi anayetembelea mradi hahitaji shahada kujua kama matabaka yatashikana. Maswali sita yanatosha:

- Uso ulisafishwa kwa nini, na lini mara ya mwisho?
- Ni kiasi gani cha lami kinachobaki kilichotakiwa, na bamba lilionyesha nini leo?
- Emulsheni ilichanganywa na maji? Kama ndiyo, kipimo cha boza kilibadilishwa?
- Uso wote umefunikwa sawasawa, au kuna michirizi?
- Rangi imegeuka nyeusi kabla zege halijamwagwa?
- Vipande vilivyokatwa vilitoka vikiwa vimeshikana?

Msimamizi mwenye majibu ya maswali hayo, yameandikwa kwa tarehe na kwa kilomita, anaweza kuonyesha kwamba unene uliolipiwa unafanya kazi wote. Asiyekuwa nayo ana unene wa kwenye karatasi tu, na mpaka wa matabaka utapimwa na malori.